UZI: Kunming, Yunnan – mwezi wa kwenda, usafiri, chakula, uyoga na makosa yanayoharibu safari

Njia_Panda

Wakuu, kila mtu akiuliza habari za China majibu yanaishia Guangzhou na Yiwu, kama vile nchi nzima ni ghala la bidhaa. Uzi huu ni wa Kunming, makao makuu ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi. Ni kwa wanaokwenda kutazama, kula na kujifunza. Wenye ujuzi waongeze, wenye maswali waulize.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndiyo inayopanga mengine yote. Mji uko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nakuru, ila upo nyuzi 25 kaskazini mwa Ikweta. Mwinuko unapoza kiangazi, na milima inaukinga mji na baridi kali ya kaskazini. Wastani wa Julai ni kama nyuzi 20, wa Januari 8 au 9. Wachina wanauita Chuncheng, Mji wa Majira ya Kuchipua, na jina hilo ndilo linalowaponza wageni. Wenyewe wana msemo kwamba misimu yote minne ni ya kuchipua, lakini ikinyesha tu, ni kipupwe. Januari mchana juani unavaa shati, usiku nyuzi zinashuka hadi 3, na nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto. Ndani huwa baridi kuliko nje. Mkitafuta hoteli miezi ya Desemba hadi Februari, ulizeni kwanza kama chumba kina kiyoyozi kinachotoa joto au blanketi la umeme.

Mvua ni Mei hadi Oktoba, nyingi zaidi Juni hadi Agosti, na kwa kawaida hupiga kwa saa chache kisha jua linarudi. Novemba hadi Aprili ni ukavu na anga la buluu. Jua la mwinuko huo linaunguza hata hewa ikiwa baridi: kofia na mafuta ya kukinga ngozi si anasa.

Sasa chagua mwezi kwa kile unachotaka kuona. Shakwe kutoka Siberia wako mjini Novemba hadi Machi. Wamekuwa wakija kwa makundi tangu 1985. Maua ya cheri kwenye kilima cha Yuantong ni mwishoni mwa Februari hadi Machi. Jakaranda, mti uleule unaopamba Nairobi mwezi Oktoba, Kunming unachanua mwishoni mwa Aprili na Mei, na barabara yake maarufu ni Jiaochang Zhonglu. Uyoga wa porini ni Juni hadi Septemba. Huwezi kupata vyote kwa safari moja, kwa hiyo usianze na tiketi ya ndege ya bei nafuu. Anza na mwezi.

Wiki za kukwepa: 1 hadi 7 Oktoba, Mwaka Mpya wa Kichina, na siku za mwanzo wa Mei. Vyumba vinapanda bei, treni zinajaa, na kwenye vivutio unatazama visogo vya watu.

---

Binti_Pangani

Asante kaka, maelezo yameshiba. Naomba kueleweshwa viza na malipo. Nasikia huko hawapokei pesa taslimu, na pia kuna viza ya bure ya saa 240.

---

Njia_Panda

Dada, hiyo ya saa 240 ni ya wanaopita kwenda nchi ya tatu, na orodha ya nchi zinazoruhusiwa haina hata moja ya Afrika Mashariki. Usiitegemee. Unaomba viza ya utalii, aina ya L: fomu inajazwa mtandaoni, pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 na kurasa tupu, picha ya milimita 33 kwa 48 yenye mandhari meupe, pamoja na uthibitisho wa tiketi na hoteli au barua ya mwaliko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe kwenye mkoba wa mkononi. Ukilala kwa rafiki badala ya hotelini, lazima ujiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24. Hoteli inakufanyia hilo yenyewe.

Pesa taslimu zinapokelewa kisheria, ila muuza tambi mara nyingi hana chenji. Kabla ya kuondoka nyumbani weka Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, thibitisha jina kwa pasipoti, unganisha kadi ya Visa au Mastercard, kisha piga simu benki yako wafungue malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Hapa ndipo wengi wanakwama: kadi inakubaliwa kusajiliwa, halafu malipo ya kwanza yanakataliwa kwa sababu benki ya nyumbani imezuia. Malipo ya hadi yuan 200 hayana ada, yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Chakula, metro na teksi vyote viko chini ya hapo, kwa hiyo ada hutaihisi sana. Beba kadi mbili za benki tofauti na yuan 500 hivi za noti ndogo. Kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa iwe ya akiba, usiifanye tegemeo pekee.

WhatsApp, Google, YouTube na Instagram havifunguki kwa laini ya China wala kwa Wi-Fi ya hoteli. Laini ya nyumbani iliyowashwa matumizi ya nje, au eSIM ya kigeni, hufungua kwa sababu data inapitia nchi ilikotoka laini. Ramani tumia Amap. Teksi ita kwa Didi, ambayo imo ndani ya Alipay.

---

Reli_ya_Kati

Naongeza usafiri.

Kutoka kwetu ndege nyingi zinatua Guangzhou. Kutoka hapo hadi Kunming ni kama saa 2 na nusu kwa ndege. Treni ya mwendokasi inakula karibu siku nzima, lakini unapita milima ya chokaa ya Guangxi mchana kweupe, na hilo lina thamani yake. Uwanja wa ndege wa Kunming ni Changshui, uliofunguliwa 2012. Metro ni Laini ya 6 mpaka Dongbu Keyunzhan, kituo cha mabasi cha mashariki, unabadilisha Laini ya 3 kuingia katikati ya mji.

Kosa namba moja: kuchanganya stesheni. "Kunming" iko ndani ya mji. "Kunming Nan", yaani ya kusini, iko wilaya ya Chenggong, karibu kilomita 28, saa nzima kwa metro. Tiketi inaandika jina kamili, lisome neno kwa neno. Geti hufungwa dakika chache kabla treni haijaondoka na hakuna anayekufungulia, kwa hiyo fika dakika 45 mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo.

Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla kwenye programu ya 12306, ambayo ina upande wa Kiingereza. Pasipoti ndiyo tiketi. Ukikosea tarakimu moja ya namba ya pasipoti wakati wa kununua, hupandi. Kwenye geti usipange foleni ya mashine za vitambulisho vya Wachina, nenda mlango wenye mhudumu.

Kwa treni, mji wa Dali ni kama saa 2, Lijiang kama saa 3 na nusu. Kutoka Kunming pia kuna treni ya kwenda Vientiane, Laos, kilomita 1,035: reli ilifunguliwa Desemba 2021, na abiria wakaanza kuvuka mpaka Aprili 2023. Ila kumbuka, viza ya kuingia mara moja inakwisha pale unapovuka kwenda Laos. Ukitaka kurudi Kunming, omba ya kuingia mara mbili tangu mwanzo.

Kwa wapenda reli: stesheni ya kaskazini, Kunming Bei, ina makumbusho ya reli ya Wafaransa iliyotoka Haiphong, ikafika Kunming 1910. Upana wa njia ni mita moja kamili, sawa na reli zetu za zamani za Mombasa–Kisumu na Dar es Salaam–Kigoma. Ukisimama mbele ya vichwa vile vya mvuke unaelewa mara moja kwa nini kona zake ni kali na behewa ni jembamba.

Jambo la saa: China yote inatumia saa ya Beijing, mbele ya yetu kwa saa 5, wakati Kunming iko mbali magharibi. Januari jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi, na adhuhuri ya kweli ni baada ya saa 7. Usipange kupiga picha za alfajiri saa 12 asubuhi, ni giza totoro.

---

Mwana_Lamu

Assalaam alaykum. Kwa sisi wa pwani Kunming ina uzito wake. Zheng He, amiri wa majahazi ya utawala wa Ming wa China, alizaliwa 1371 Kunyang, kusini mwa ziwa Dianchi, katika nyumba ya Waislamu. Baba yake anajulikana kwa jina Ma Hazhi, yaani Haji. Misafara yake saba ilikuwa kati ya 1405 na 1433, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, wakamwita qilin, mnyama wa baraka. Kunyang sasa imo wilaya ya Jinning, na kilimani kuna bustani ya Zheng He yenye kaburi la baba yake na jiwe la maandishi ya mwaka 1405. Ni zaidi ya kilomita 50 kutoka katikati ya mji, tenga siku nzima. Mtu wa Malindi au Lamu akienda Kunming akaacha kufika hapo, ameacha kitu chake.

Kuna mwingine wa kumjua: Sayyid Ajjal Shamsuddin Omar wa Bukhara, gavana wa Yunnan kuanzia 1274 hadi 1279, aliyejenga misikiti na kusimamia kazi za maji za Kunming. Uislamu pale una mizizi ya zaidi ya miaka 700. Msikiti wa Nancheng uko barabara ya Zhengyi, katikati kabisa, unafikika kwa miguu kutoka matao ya Jinma Biji.

Chakula halali si shida. Tafuta maandishi 清真, yanasomwa qingzhen, mara nyingi kwenye ubao wa kijani. Migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, inapika nyama ya ng'ombe: supu yenye tambi za mchele, vipande vya nyama baridi vya kuchovya, na niuganba, nyama iliyotiwa chumvi ikakaushwa kisha ikakaangwa nyembamba. Nje ya migahawa hiyo usidhani sahani ya mboga haina nguruwe. Mafuta ya nguruwe hutumika kukaangia mboga, na ukisema "sili nguruwe", wo bu chi zhurou, mpishi ataondoa nyama na kubakiza mafuta. Ukitaka uhakika, kula penye qingzhen.

---

Binti_Pangani

Wa alaykum salaam. Hizo tambi za "kuvuka daraja" zinaliwaje? Naona kwenye picha vinaletwa visahani kumi.

---

Mwana_Lamu

Guoqiao mixian. Linakuja bakuli kubwa la supu ya kuku iliyochemka sana, juu limefunikwa na tabaka la mafuta. Tabaka hilo linazuia joto, kwa hiyo supu haifuki moshi ingawa inaunguza vibaya. Wageni wanadhani imepoa, wanainywa, wanababuka ulimi. Usiiguse kwanza.

Mpangilio una maana. Linaanza yai bichi la kware, kisha vipande vya nyama mbichi vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, unavizamisha kimoja kimoja na kuvikoroga kwa vijiti kama dakika moja mpaka vibadilike rangi. Zinafuata mboga, na tambi za mchele mwisho, kwa sababu zinapoza supu. Ukianza na tambi, nyama haitaiva. Ukimwaga vyote kwa pamoja ni vilevile. Yenye kuku na ng'ombe inapatikana kwenye migahawa ya Wahui.

Bakuli la kawaida la tambi asubuhi ni yuan 10 hadi 20. Jaribu pia erkuai: wali uliopikwa kwa mvuke, ukatwangwa, ukatandazwa, unachomwa juu ya mkaa na kupakwa mchuzi mtamu au wa pilipili. Rubing ni jibini ya maziwa ya mbuzi, hukaangwa vipande. Kuku wa qiguo hupikwa kwenye chungu chenye bomba katikati, bila kutiwa maji hata tone. Mvuke wa chini unapanda, unagonga kifuniko, unadondoka kuwa supu. Huchukua saa 3 au zaidi, kwa hiyo mgahawa ukikuletea ndani ya dakika kumi, ujue alipikwa mapema.

---

Uyoga_wa_Masika

Naomba nieleze uyoga kwa urefu, maana ndiyo sifa kubwa ya Yunnan na ndiyo inayopeleka watu hospitalini kila msimu wa mvua.

Ulio salama zaidi kuanza nao ni jizong. Huota juu ya vichuguu vya mchwa, ni ndugu wa uyoga wa mchwa unaoliwa kwetu Tanzania mvua zikianza. Haulimwi shambani, lazima uokotwe. Supu yake ni tamu bila kiungo chochote, na ukikaangwa taratibu kwenye mafuta huhifadhiwa chupani.

Wa hatari ni jianshouqing, wenye kugeuka buluu ukiguswa au kukatwa. Ukiiva ni mtamu sana. Usipoiva, mtu anaanza kuona vijitu vidogo vinacheza ukutani, pamoja na kichefuchefu. Nyumbani kwao hukatwa mwembamba, unakaangwa kwa mafuta mengi na vitunguu saumu zaidi ya dakika 10, huku wakihakikisha hakuna kipande kilichonata juu ya ukingo wa karai kikabaki kibichi. Kwenye mgahawa wa sufuria ya mezani, mhudumu anaweka saa ya kuhesabu, takriban dakika 20 za kuchemka, na vijiti hakupi mpaka muda uishe. Msimwone mkali. Kunming maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa sababu ya mwinuko, hivyo kila kitu kinachukua muda zaidi kuiva kuliko Dar au Mombasa.

Masharti yasiyo na mjadala: usiongeze uyoga mbichi sufuriani baada ya saa kuanza kuhesabu, usionje supu kabla ya muda, usinywe pombe nao, usile kiporo. Na usinunue sokoni ukapike mwenyewe hotelini. Soko la Mushuihua ni zuri kutembelea, nenda ukatazame rangi na mizani, lakini kula mgahawani. Imani kwamba kitunguu saumu kikibadilika rangi uyoga una sumu ni uongo na imeua watu.

Dalili zikianza, hata ndogo, nenda hospitali mara moja, na beba mabaki au picha ya uyoga uliokula. Kuna aina zinazoharibu ini ambazo mtu huhara, kisha akapata nafuu siku nzima, halafu hali inageuka mbaya. Nafuu hiyo isiwadanganye. Namba ya gari la wagonjwa ni 120, polisi 110.

---

Kibo_View

Wakuu, Msitu wa Mawe unafaa kwenda na kampuni? Naona safari za siku moja za bei ya chini kuliko hata tiketi ya mlangoni.

---

Njia_Panda

Mkuu, bei hiyo ndiyo jibu. Tiketi ya Shilin, yaani huo Msitu wa Mawe, ni yuan 130. Anayekupeleka kwa chini ya hapo anafidia dukani: utakaa saa mbili kwenye duka la jade, saa nyingine kwenye duka la chai, na mawe utayaona kwa kukimbia. Jade usinunue kabisa kama huijui.

Nenda mwenyewe. Treni kutoka Kunming Nan hadi Shilin Xi ni kama dakika 20, kisha basi namba 99 hadi langoni. Au basi la moja kwa moja kutoka kituo cha Dongbu. Kutoka lango la tiketi hadi mawe yenyewe ni zaidi ya kilomita 2. Kuna magari ya umeme ya kulipia. Eneo limo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2007, na mawe ni chokaa ya chini ya bahari ya zamani, miaka milioni 270 hivi, iliyochongwa na maji. Watu wengi wanabanana Msitu Mkubwa karibu na banda la kutazamia. Pinda kushoto au kulia kwa dakika tano tu, unabaki peke yako kwenye vichochoro vya mawe. Viatu viwe na soli inayoshika. Mawe yamesuguliwa na nyayo na yakilowa yanateleza. Wenyeji ni Wasani, tawi la kabila la Wayi, na sikukuu yao ya mienge ni siku ya 24 ya mwezi wa 6 wa kalenda ya Kichina.

Ndani ya mji, siku nzuri kuliko zote ni hii: asubuhi Laini ya 3 hadi mwisho, Xishan, panda mlima hadi Longmen, njia na vyumba vilivyochongwa kwenye uso wa jabali kati ya 1781 na 1853. Chini yake lote ni ziwa Dianchi. Fika mapema, njia ni nyembamba na Jumamosi watu wanasonga kama foleni. Kisha shuka kwa kibanda cha kamba kinachovuka hadi upande wa Haigeng, na jioni uwe kwenye tuta na shakwe. Walishe chakula chao kinachouzwa palepale, siyo chipsi wala biskuti.

Makumbusho ya Jimbo la Yunnan hayana kiingilio, hufungwa Jumatatu, nenda na pasipoti. Tafuteni vyombo vya shaba vya ufalme wa Dian vilivyotengenezwa kuhifadhia kauri, yaani makombe ya baharini. Ndiyo, kauri hizihizi za Bahari ya Hindi. Yunnan haina pwani, lakini ilizitumia kama fedha hadi karne ya 17.

---

Kibo_View

Nimekuelewa. Na soko la maua? Ninaweza kurudi na waridi nyumbani?

---

Reli_ya_Kati

Dounan, Laini ya 1, kituo kina jina hilohilo. Mnada wake unaendeshwa kwa saa ya Kiholanzi: bei inaanza juu inashuka, wa kwanza kubonyeza anachukua. Ni mtindo uleule unaouza waridi za Naivasha kule Aalsmeer, Uholanzi. Rejareja nenda baada ya saa 2 usiku. Waridi huuzwa fungu la 20, vingine kwa jin, na jin ni gramu 500, siyo kilo. Hili liwe kichwani kwenye kila soko: bei ya tunda iliyoandikwa ubaoni karibu kila mara ni ya nusu kilo.

Maua mabichi hayaingii nyumbani bila cheti cha afya ya mimea, mtayaacha uwanja wa ndege. Nunua uyafurahie chumbani: ondoa majani ya chini, kata shina mshazari, zamisha kwenye maji saa 4 kabla ya kuyapanga. Zawadi ya kubeba ni xianhua bing, keki za petali za waridi. Muulize muuzaji mafuta gani yametumika, nyingine zina ya nguruwe.

---

Binti_Pangani

Siku ngapi zinatosha? Nina 8, nataka na Dali na Lijiang.

---

Njia_Panda

Dada, siku 8 kwa miji mitatu utakuwa unafungua na kufunga sanduku. Kunming siku 5: mji na bustani ya ziwa Cuihu, Xishan na Dianchi, Shilin, Jinning, makumbusho na Dounan. Dali siku 3. Lijiang iko mita 2,400, iachie safari nyingine.

La mwisho kabla hujafunga mizigo: soketi za kule hazipokei plagi zetu za miguu mitatu ya bapa, nunua adapta. Na pawabenki iwe na alama ya 3C, ithibati ya usalama ya China, iliyochapishwa wazi. Tangu 28 Juni 2025 isiyo nayo hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China, wanaichukua kwenye ukaguzi.